Ushahidi Nilioutoa Kuhusu Waimbaji wa Italia

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba ningi wetu, yaani mwimbaji mkuu wa ngoma ya upande wetu, alikuwa amempa mganga uzazi wake ili apewe sauti. Na sikuamini kijuujuu. Nilikijua mpaka kichuguu chenyewe: kiko karibu na maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa Ushirombo, na ndani yake mganga alifukia kibuyu chenye vile vilivyokatwa. Ningi akiimba huku kwetu Tinde, kichuguu kule kinatetemeka, na mchwa wanatoka nje wamepanga mstari kama wanafunzi asubuhi. Aliyenisimulia alisema kimefikia kimo cha nguzo ya umeme. Mimi nilipowasimulia wengine, nguzo ilikuwa imeshapitwa.

Leo naweza kucheka ninapoandika. Lakini kuna mama mmoja ambaye nusura asiwepo duniani kwa sababu ya kichuguu hicho, na aliyekipa kichuguu hicho elimu ya sekondari ni mimi.

Ningi mwenyewe alikuwa jitu. Naendesha mashine ya kukoboa mpunga, na mlango wa banda letu umewahi kupitisha watu wenye gunia kichwani bila kuinama. Yeye aliinama bila gunia. Ndevu zilifika kwenye kifungo cha pili cha shati, na kifua chake ungeweza kuanikia debe mbili za mpunga zikakauka vizuri. Halafu jitu hilo linafungua mdomo, na inatoka sauti nyembamba, safi, ya juu kabisa, kama ya binti anayewaita mbuzi ng'ambo ya bonde. Siku moja aliimba mashine ikiwa inanguruma, nikamsikia neno kwa neno, na kuku wa jirani akataga saa hiyo hiyo. Kwenye yai hapo sina hakika sana.

Akizungumza alikuwa na sauti nzito ya kawaida, tena ya kuchelewa. Hilo halikutusumbua. Tulisema mganga alimwachia hiyo ya kusalimia watu.

Kilichotufanya tuamini ni ajali. Zamani alikuwa mwitikiaji tu, mmoja wa watu thelathini wanaojibu nyuma ya ningi. Kiangazi kimoja akaenda kuchimba dhahabu, duara likambomokea, wakamtoa baada ya siku nzima. Akalazwa miezi miwili. Aliporudi anachechemea mguu wa kushoto, na ana sauti ile. Sasa wewe niambie: mtu anaingia ardhini na sauti ya dume, anatoka na sauti ya binti, unataka watu wafikiri nini?

Tena kwetu sauti si mchezo. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinapiga uwanja mmoja, muda mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji wala alama. Jaji ni miguu ya watu. Watu wakihamia kwa wenzenu, mmekwisha, hata kama mlipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka. Ndiyo maana kila ningi anatafuta samba, dawa ya kuvuta watu, na hakuna anayekubali kwamba anayo wala anayeamini kwamba mwenzake hana. Ningi wetu alipoanza kuimba, miguu ilihama yote. Nilimwona muuza maandazi wa upande wa pili akihama na karai lake la moto.

Wapinzani wakajibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi. Walimtungia hivi: mtama mrefu hauna suke, upepo ukipita unapiga mluzi. Uwanja mzima ulicheka. Yeye naye alicheka, akawajibu kwa wimbo mkali zaidi. Alikuwa ameoa mwaka uliotangulia na mkewe alikuwa hajashika mimba. Matusi ya uwanjani huishia uwanjani, na hayo yangeishia pale kama mimi nisingeenda shule.

Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, ya watu wazima. Darasa lilikuwa la shule ya msingi, madawati ya darasa la tatu, kwa hiyo tulikaa magoti yakiwa karibu na masikio, akina baba wenye mvi na akina mama wenye vikapu vya mboga. Mwalimu wetu wa historia alifundisha pia kwaya, na akianza kueleza jambo la muziki tulijua Vita vya Majimaji vitasubiri. Jioni moja akatutolea simu yake na kutuwekea sauti ya zamani sana, yenye mikwaruzo kama mtu anakaanga karanga nyuma yake. Sauti ya juu, ya ajabu, yenye huzuni.

"Nani anaimba?" akauliza.

"Mwanamke," tukasema darasa zima.

"Mwanaume," akasema mwalimu.

Basi akatueleza kwamba huyo alikuwa wa mwisho wa watu wa zamani, aliyewahi kunaswa sauti kabla hawajaisha. Miaka kama mia tatu iliyopita, huko Italia, kulikuwa na michezo ya kuigiza inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho, inaitwa opera. Wakubwa wa michezo hiyo, wanaocheza wafalme na mashujaa wa vita, walikuwa wanaume waliohasiwa ili wawe na sauti za juu. Miili yao ilikuwa mirefu kuliko ya wenzao, vifua vipana, pumzi ndefu ya kuweza kushika nota moja mpaka watu wanasimama kwenye viti. Miji iligawanyika, hawa wa mwimbaji huyu, hawa wa yule. Nikamnong'oneza jirani yangu: "Bagika na Bagalu wa Roma." Wengine, mwalimu akasema, walishangilia hadi kukisifu kisu chenyewe kilichokata. Na kwa sababu kukata kulikatazwa na sheria, familia zilisema uongo. Ukiuliza, unaambiwa alianguka kwenye farasi. Au aliumwa na nguruwe mwitu. Nchi nzima ikajaa watu wa ajali.

Niliposikia neno ajali, nywele zilinisimama.

Mwalimu akasema, "Sasa, jambo la muhimu kuliko yote," na hapo umeme ukakatika. Akatuahidi kumalizia kesho yake. Kesho yake mpunga ulikuwa umefika wa lori tatu, sikwenda. Keshokutwa alikuwa ameshafika kwenye Majimaji. Nilibaki na nusu ya somo, na nakwambia ukweli, sikuhisi upungufu wowote.

Kijiweni kwa mzee muuza kahawa nikawa profesa. Nilisimulia Italia kama niliyezaliwa huko na kunyonyeshwa huko. Nikaongeza waimbaji wenye kimo cha futi nane, nikaongeza mfalme aliyezimia siku tatu.

"Kwa hiyo na wazungu wana waganga?" akauliza mzee wa kahawa.

"Wanawaita madaktari wa upasuaji."

"Na sauti inatoka wapi hasa?"

"Inatoka pale palipokatwa, mzee. Nguvu iliyokuwa iende chini inapanda juu. Ni sayansi hiyo."

"Hee! Basi yule ningi wenu..."

"Mimi sijamtaja mtu," nikasema, huku nikiwatazama mmoja mmoja ili wote wajue nimemtaja. "Lakini kila aliyekatwa ana ajali yake ya kusimulia. Hiyo imeandikwa."

Wakacheka, wakapigana mabega. Hapo ndipo nilipomwona kaka mkubwa wa ningi. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, sijui tangu saa ngapi, na kikombe cha kahawa mkononi ambacho hakukinywa. Alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache, anayeheshimika. Nikampa shikamoo. Aliitikia polepole.

"Hao watu wa Italia," akaniuliza, "walikuwa wanazaa?"

Ningeweza kusema sijui. Kijiwe kizima kilinitazama.

"Kuzaa? Kaka, hata mmoja! Kanisa lenyewe liliwakatalia ndoa."

Akakiweka kikombe kwenye benchi, kahawa imejaa vilevile, akaondoka. Mzee wa kahawa akaanza kusuuza vikombe.

"Mke wa ningi ana mimba ya miezi minane," akasema bila kunitazama. "Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa najua. Alikuwa akija mashineni na tumbo lake, nami nikimwinulia ndoo kichwani. Lakini wakati nazungumza akili yangu ilikuwa Italia.

Ningi alikuwa ameondoka na kundi lake kwenda kupiga ngoma upande wa Ushirombo, wiki mbili, na simu yake ukiipiga inakujibu mashine tu. Mkewe alibaki kwenye boma la wakwe, peke yake kati ya kaka za mumewe na wake zao. Kuanzia siku ile mambo yakaanza kubadilika, taratibu kiasi kwamba huwezi kunyoosha kidole ukasema hapa. Asubuhi alisalimia "mwangaluka", akajibiwa na mbuzi. Ndoo yake ya maji ilikutwa imelala, maji yamekwenda. Halafu mafiga yake, yale mawe matatu ya kupikia, yakatolewa jikoni na kuwekwa nje ya uzio, yamepangwa vizuri kabisa, kama mtu aliyeyapanga alitaka yaonekane. Akapikia huko nje, upepo unapeperusha majivu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumkaribia.

Mdogo wa mwisho wa ningi, mwanaume wa miaka kama ishirini na minane, alikaa barazani ananoa panga. Nilipita asubuhi nikamkuta ananoa. Nilirudi mchana ananoa. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekwisha, mavuno yameingia ghalani, hakuna kitu cha kukata nchi nzima.

"Panga hilo si limeshapata?" nikamtania.

"Bado," akasema.

Kwetu Shinyanga maneno ya namna hii tumeshayaona yalikoishia. Sitaeleza, aliyekulia huku anajua, na asiyejua namwombea asijue. Nilifika nyumbani nikashindwa kula, mimi ambaye nakula ugali wa watu wanne na kuuliza mwingine.

Jumamosi wakaniita. Kikao cha ukoo, akaniambia mjumbe, na kaka mkubwa amesema mtaalamu aje. Nasema hili kwa aibu: pamoja na woga wote, neno mtaalamu lilinipendeza. Nilivaa shati la kanisani. Nilibeba daftari.

Walikaa kwenye viti kuzunguka ua, baba zao wadogo wawili, kaka mkubwa, na yule mdogo wa mwisho karibu na mlango wa uzio. Mke wa ningi alikaa kwenye mkeka katikati, miguu ameinyoosha, mikono juu ya tumbo. Miguu yake ilikuwa imevimba.

"Tueleze," akasema kaka mkubwa, "ulichosoma."

Nikaeleza. Mimi nikishaanza kueleza najisahau. Nikawapa Italia yote, vifua vipana, urefu, sauti, ndoa zilizokatazwa. Wazee walitikisa vichwa. Nilipomaliza, yule mama akaniuliza kwa upole:

"Shemeji, mume wangu ulimwona akikatwa?"

"Sikumwona, shemeji."

"Mimi ndiye ninayelala naye. Alivunjika mguu. Alilala miezi miwili wodini hana la kufanya, akawa anaimba kidogo kidogo kwa sauti nyembamba ili asiwaamshe wagonjwa wenzake. Ndivyo alivyoizoea. Ameniambia mwenyewe."

Baba mdogo mmoja akageuka kwangu. "Hili unalisemaje?"

Nilikuwa na jibu. Mungu anisamehe, nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa zuri. "Hata Italia," nikasema, "ndivyo walivyosema. Kila familia ilikuwa na ajali."

Nikaona uso wa yule mama ukifunga. Nikaona wazee wakitazamana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimemfungia mlango wa mwisho. Akisema kweli ni uongo, akinyamaza ni hatia.

Kaka mkubwa akasimama. "Anarudishwa kwao leo. Kabla mume wake hajafika na kuanza kulia. Kilichomo tumboni si cha boma hili."

"Kaka," nikasema, "mimi nilieleza historia tu."

"Una pikipiki. Utampeleka wewe. Huyu atafuata nyuma." Akamwonyesha mdogo wa mwisho. "Kuhakikisha anafika."

Kwao ni mbele ya Kolandoto, unapita Shinyanga mjini kwanza. Tuliondoka saa sita mchana, jua limesimama. Yeye alikaa upande nyuma yangu na kifurushi kimoja, ameshika shati langu la kanisani. Nyuma yetu ilikuja pikipiki ya pili, na kwenye tangi mbele ya yule mdogo kulikuwa na kiroba kirefu, kimekunjwa. Nilikijua kilichomo. Nilijaribu kwenda haraka, naye akaja haraka. Nilipunguza, akapunguza. Kila nilipotazama kioo, alikuwa kwenye kioo.

Tulipoanza kuziona nyumba za kwanza za Shinyanga, nikahisi mkono wa shemeji umenibana mbavu.

"Shemeji," akasema, "si sawa. Kuna damu."

Nikasimama pembeni. Kiti cha pikipiki kilikuwa chekundu, na kanga yake pia. Yule mdogo alitufikia, akakita mguu chini, hakuzima injini.

"Mbona unasimama?"

"Anatoka damu. Tunapita hospitali."

"Kaka amesema kwao. Hakusema hospitali."

"Atakufa njiani, bwana!"

Alimtazama yule mama kwa muda, kisha akatazama porini, upande ambao hakuna nyumba. "Na akifa?" akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya sukari.

Mimi si shujaa. Watu wa Tinde watakuambia nimewahi kumkimbia bata. Sijui niliwasha vipi pikipiki, wala niliwezaje kumshikilia yule mama kwa mkono mmoja wa nyuma. Niliamua tu moyoni kwamba sitasimama tena mpaka nione koti jeupe. Tulipita katikati ya mji, tukatoka upande wa pili. Mara mbili yule mdogo alikuja ubavuni kwangu akanionyesha kwa kidole nipunguze. Mara ya pili aliweka mkono juu ya kiroba. Nilipiga honi mfululizo kama mwendawazimu, watu wakageuka kututazama, na nadhani macho ya watu ndiyo yaliyotufikisha. Kwenye geti la hospitali ya Kolandoto alibaki nje, juu ya pikipiki yake, injini inanguruma.

Manesi walimpokea kwa machela. Mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akanitazama kuanzia shati mpaka viatu.

"Wewe ni mume?"

"Hapana, Sista. Ni jirani."

"Mume yuko wapi?"

"Ushirombo. Hapatikani."

"Ita ndugu zake. Anafanyiwa upasuaji sasa hivi, na tunahitaji watu wa kutoa damu."

Nikampigia kaka mkubwa. Nikamweleza tulipo na kinachohitajika. Halafu akasema, "Nakuja." Sikujua anakuja kufanya nini. Nilitoa damu yangu, nikakaa kwenye benchi la korido na pamba mkononi, na kutoka pale niliweza kuona geti. Pikipiki ilikuwa bado ipo.

Kaka mkubwa alifika baada ya saa moja na nusu, vumbi mpaka kwenye kope. Nesi alimfuata moja kwa moja.

"Wewe ni wa upande wa mume? Vizuri. Kunja mkono wa shati."

"Sista, mimi si ndugu wa kilichomo mle ndani."

"Sijakuuliza ukoo. Nimekuomba mkono."

Kwenye benchi tulikuwa watu tisa, wote tumesikia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimtazama akasema, "Mwe!" basi, hilo tu. Kaka mkubwa akakunja shati.

Tulikaa pamoja, pamba na pamba. Nilijiapiza kwamba yule mama akitoka hai nitaacha kusimulia habari za nchi nisizozijua, kiapo ambacho unaona mwenyewe jinsi nilivyokitunza. Kivuli cha paa kilikuwa kimefika kwenye miguu yetu nesi alipotoka, baka la jasho kifuani, kadi ya kliniki mkononi.

"Mama yupo," akasema. "Amechoka sana, lakini yupo. Mtoto ni wa kike, mdogo, anapumua mwenyewe." Akavuta stuli, akaketi mbele yetu, akaweka kadi juu ya goti. "Nijazieni hapa. Jina la baba?"

Nikamtazama kaka mkubwa. Alikuwa anatazama geti.

"Pawe wazi," akasema.

"Paweje?"

"Pawe wazi. Damu nimetoa, hiyo ni ubinadamu. Mtoto hatumpokei. Akipona, mama aende kwao na njia yake." Akanyanyua mkono kuelekea nje, na kule getini yule mdogo akaketi wima kwenye pikipiki kama aliyeitwa.

Nesi aliufuata mkono ule kwa macho, akaiona pikipiki, akakiona kiroba. Aliporudisha macho kwetu uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna nini hapa?" akaniuliza mimi.

Ikabidi niseme. Nilijaribu kusema kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza maishani niliweza. Nikamwambia sauti, ajali, watu wa opera. Nikamwambia kwamba mume amehasiwa, ndivyo inavyojulikana, na kwamba aliyethibitisha kwa ukoo ni mimi. Hakucheka. Alivua miwani ikaning'inia kwenye kamba.

"Huyo mume ana umri gani?"

"Thelathini na kitu."

"Na hiyo ajali?"

"Miaka mitatu iliyopita."

Akamgeukia kaka mkubwa. "Mzee, una ng'ombe?"

"Ninao."

"Madume unahasi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Umewahi kumhasi dume aliyekwisha kukomaa?"

"Wengi tu."

"Baada ya hapo alilia kama ndama?"

Kaka mkubwa alitazama sakafu ya saruji, akatazama viganja vyake. Nadhani alikuwa anawapitia ng'ombe wake mmoja mmoja, maana alichukua muda.

"Yaleyale mavumo yake," akasema mwishowe. "Hayabadiliki." Kisha akanigeukia, na sijawahi kutazamwa vile tena, wala siombi. Akasimama, akaenda mpaka kizingitini, akamfanyia mdogo wake ishara ya mkono ya kumtaka aondoke arudi nyumbani. Tulisikia pikipiki ikigeuza. Aliporudi alitaja jina la ningi, la kwanza na la pili, polepole, ili liandikwe bila makosa.

Nesi akaandika. Alikuwa bado ameinamia kadi aliposema nami.

"Hao wa Italia walikatwa wakiwa watoto, kabla sauti haijavunjika, ndiyo maana ilibaki juu. Mwanaume aliyekwisha kuota ndevu, hata umkate leo, sauti yake haipandi."